Drili ya kuaminika: ulizia kaboni kwanza, bei baadaye

Ukitaka kujua ni drili gani ya kuaminika katika mji wako, usianzie kwenye duka linalouza drili. Anzia kwa fundi anayesuka mota, au duka la spea za mashine za mkono, na umuulize mambo matatu: kaboni za mashine hii unazo? Amecha yake? Swichi yake? Akivuta droo na kukuwekea kaboni mezani, jina hilo linafaa. Akisema "acha namba, nitakuagizia", basi hata kama mashine inasifiwa dunia nzima, kwako itakuwa ya kutumia mpaka iharibike mara ya kwanza.

Kila drili ya waya ya kawaida inakula kaboni. Ni vipande viwili vidogo vyeusi vinavyopitisha umeme kwenda kwenye amecha, yaani kile kiini chenye koili za shaba kinachozunguka katikati ya mota. Vinasagika kila unapobonyeza kitufe, na vimewekwa visagike ili amecha ipone. Kaboni ni bei ya chai na vitafunwa. Amecha ikiungua kwa sababu uliendelea kutumia kaboni zilizokwisha, utalipa karibu nusu ya bei ya mashine mpya, na kwa mashine za bei ya chini huenda ukalipa zaidi ya hapo.

Ukuta wako kwanza, jina baadaye

Lawama nyingi zinazotupiwa kampuni fulani zingepaswa kuelekezwa kwenye aina ya mashine. Mtu amenunua drili nzuri ya kugonga, anataka kufunga bomba la pazia, anabonyeza dakika tano na tundu halizidi sentimita moja. Anasema mashine ni feki. Kumbe bomba la pazia hufungwa juu ya dirisha, na juu ya dirisha ndipo ilipo linta ya zege na nondo zake. Nje ya linta, kwenye tofali, mashine ile ile ingezama kama kisu kwenye papai.

Drili ya kugonga ina visahani viwili vyenye meno ndani, vinavyorukiana wakati wa kuzunguka. Chukua Makita HP1630: wati 710, mizunguko 3,200 kwa dakika, mapigo 48,000 kwa dakika. Gawanya utaona ni mapigo 15 kwa kila mzunguko. Ni mengi, lakini ni mepesi, na nguvu yake inatokana na mkono wako unavyosukuma. Inatosha kabisa kwa tofali za simenti, tofali za kuchoma, mbao na chuma chembamba.

Mashine ya nyundo yenye mdomo wa SDS (mdomo ni sehemu inayoshika biti; wa SDS hujifunga wenyewe ukisukuma biti ndani, bila ufunguo) inafanya kazi kwa njia nyingine. Ndani kuna pistoni inayosukuma hewa, na hewa inarusha kinyundo. Makita HR2470 ina wati 780 na mapigo 4,500 tu kwa dakika, lakini kila pigo lina nguvu ya jouli 2.4. Bosch GBH 2-26 ni jouli 2.7. Hii ndiyo ya zege: nguzo, linta, slabu, ngazi. Huna haja ya kuisukuma. Ukiisukuma sana unaizuia kupiga.

Kwa hiyo hesabu matundu yako. Kama ni fisha (vile vya plastiki vya kushikilia skrubu) za milimita 6 na 8 kwenye tofali, matundu hamsini au mia kwa mwaka, chukua drili ya kugonga ya wati 550 hadi 750 yenye mdomo wa milimita 13. Kama unafunga madirisha ya alumini, viyoyozi au mageti kila siku, usijidanganye, nunua SDS inayotoboa zege hadi milimita 24 au 26. Kwenye nyumba za kale za pwani, zenye kuta za matumbawe na chokaa, zima kabisa mfumo wa kugonga, maana utatoka na tundu la kuingiza kidole gumba. Vigae na marumaru vivyo hivyo: toboa bila kugonga mpaka upite kigae, kisha washa ukifika ukutani.

Majina, na herufi zinazofuata majina

Bosch ya bluu imetengenezwa kwa fundi. Ya kijani ni ya mtu wa nyumbani. Ni kampuni moja, lakini mashine ni tofauti. Soma pia herufi: GSB ni ya kugonga, GBM haigongi, GBH ni nyundo ya SDS. Kwa Makita, HP ni ya kugonga na HR ni nyundo. Mwenye duka anaweza kukuuzia GBM akiapa kwamba "inatoboa kila kitu". Itatoboa, lakini si ukuta wa zege.

Maktec, ile ya rangi ya machungwa iliyokolea, wengi huidhani ni Makita bandia. Sivyo. Ilikuwa ni mashine ya bei nafuu ya Makita wenyewe, na baadaye nafasi yake ikachukuliwa na Makita MT. Ukiikuta iliyotunzwa vizuri, ni mali.

Ingco na Total za China zimejaa madukani Kariakoo na Nairobi, na huo wingi ndio sifa yake kubwa kwa mtu wa kawaida: spea zipo, mafundi wanazijua kwa macho yaliyofumbwa, na bei haimuumizi anayetoboa mara mbili kwa mwezi. Kwa kazi ya kutwa nzima juani, fundi atazichosha mapema kuliko Bosch ya bluu, Makita au DeWalt. Hilti ni mnyama mwingine, mashine ya kampuni za ujenzi, na kwa kawaida Hilti huuza yenyewe moja kwa moja. Ukiiona "mpya" imepangwa kando ya barabara karibu na soketi na nyaya, pita.

Soma kibandiko cha ubavuni

Kabla ya kuuliza bei, geuza mashine. Kibandiko lazima kiwe na volti, hezi, wati, mizunguko kwa dakika, na alama ya mraba ndani ya mraba, inayoonyesha kwamba mashine ina ukingaji wa tabaka mbili na haihitaji waya wa ethi. Umeme wetu ni volti 230 hadi 240, hezi 50.

Hapa ndipo mashine za mtumba zinapowaliza watu. Zinazotoka kwenye maeneo ya ujenzi ya Uingereza ni za volti 110, na utazijua kwa plagi yake ya manjano ya duara. Za Japani ni volti 100, na za Marekani 120. Muuzaji anakata plagi, anaweka ya pini tatu, na unakwenda nayo nyumbani. Ukiichomeka kwenye volti 230 italia kwa kasi ya ajabu, itatoa moshi na kufa, yote ndani ya muda mfupi kuliko wa kusema "zima". Inaweza kutumika kwa transfoma ya kushusha umeme, lakini transfoma ya kubeba wati 800 ni nzito na si ya bure. Kama kibandiko kimebanduliwa au kimesuguliwa, usinunue; aliyekibandua alikuwa na sababu.

Feki inavyojulikana

Usitegemee nchi iliyoandikwa. Makita halisi hutengenezwa China, Romania na kwingineko, na Bosch ana viwanda vya mashine hizi China na Malaysia. Kwa hiyo maandishi ya China hayathibitishi kwamba ni bandia, na bei ya kutupa pamoja na maandishi makubwa ya Japani au Ujerumani ni jambo la kutilia shaka zaidi.

Angalia namba ya mfululizo. Iliyo kwenye mashine ilingane na iliyo kwenye boksi, na mashine mbili za rafu moja zisiwe na namba moja. Andika jina la modeli kwenye tovuti ya kampuni. Kama modeli haipo, au rangi, kitufe na matundu ya hewa havifanani, umeshapata jibu. Kisha uzito. Bosch GSB 13 RE ina kilo 1.8 hivi. Dukani kuna mizani, omba. Feki huwa nyepesi kwa sababu shaba imepunguzwa, au koili zimesukwa kwa alumini, ambayo hupata joto haraka kwa mzigo ule ule.

Waya nao unasema. Waya mzuri ni wa mpira, mlaini, unaokunjika bila kubaki na alama, na kwa kawaida umechapwa H05RN-F au H07RN-F. Wa plastiki ngumu inayong'aa hupasuka shingoni, pale unapoingia kwenye mkono wa mashine, na hiyo ni hitilafu utakayokutana nayo mapema.

Ukinunua, dai risiti ya EFD ukiwa Tanzania, au ya eTIMS ukiwa Kenya, yenye jina la modeli na namba ya mfululizo. Risiti isemayo "drili 1" haitakusaidia kudai dhamana. Na fahamu kwamba dhamana haigusi kaboni.

Majaribio ya dakika tano kaunta

Beba biti mpya iliyonyooka ya milimita 6 na kipande cha tofali au zege. Muuzaji akikataa kuchomeka umeme, nenda duka la jirani.

1. Funga biti, kaza kwa matundu yote matatu ya ufunguo, si moja. Bonyeza polepole. Kasi ipande taratibu kulingana na kidole. Ikiruka ghafla kutoka sifuri hadi mwisho, swichi ina kasoro.

2. Tazama ncha ya biti inapozunguka. Ikichora duara badala ya kusimama kama nukta, mdomo au shafti imepinda.

3. Chungulia kwenye matundu ya hewa. Cheche ndogo za bluu kwenye kaboni ni kawaida, hasa mashine ikiwa mpya na kaboni hazijakaa vizuri. Cheche za manjano zinazozunguka amecha kama pete ni ugonjwa.

4. Geuza mzunguko kurudi nyuma, kisha washa na zima mfumo wa kugonga. Badilisha mwelekeo au mfumo pale tu mashine inapokuwa imesimama kabisa.

5. Iache izunguke dakika tatu, kisha inuse. Harufu kidogo ya grisi haina neno. Harufu kali ya vanishi inayoungua ni ya koili.

6. Toboa kile kipande. Kelele ya meno kusagana bila kugonga ina maana gia haikai sawa.

Za betri

Kwa betri, unanunua mfumo wa betri kuliko drili yenyewe. Volti 18 na "20 Max" ni kitu kimoja: seli tano mfululizo, kila moja volti 3.6 za kawaida au 4 hivi ikijaa. Namba kama 48VF au 88VF kwenye boksi ni mapambo, ndani utakuta seli tano zile zile au pungufu.

Betri ya Makita ya Ah 5 (Ah ni ampea-saa, kipimo cha umeme inaohifadhi) ina seli 10, na kila seli ina gramu 45 hivi, kwa hiyo seli peke yake ni kama gramu 450 kabla ya ganda. Betri inayoandikwa Ah 5 ikiwa na gramu 350 jumla, imeficha seli tano na hewa. Chaji nayo iwe ya volti 220 hadi 240, maana seti zilizobebwa kutoka Marekani huja na chaji ya 120.

Ikianza kusumbua

Mashine ikizimika ghafla katikati ya kazi bila moshi wala harufu, usiitupe. Kaboni nyingi nzuri zina kijipini cha springi kinachokata umeme zikifika mwisho, ili kulinda amecha. Fungua vifuniko viwili vya pembeni kwa bisibisi bapa, au ganda lote kama havipo nje. Zikibaki milimita 5 au 6, au zikifika mstari wa alama, badilisha zote mbili pamoja, kwa namba ile ile. Za Makita huanza na CB. Kaboni ya "kufanana" iliyosuguliwa kwa msasa ili iingie hula amecha.

Nguvu ikipungua bila cheche, chunguza ekstensheni. Waya mwembamba wa milimita 0.75 za mraba wenye urefu wa mita 30 hushusha volti, mota huhangaika na kupata joto. Tumia wa 1.5, na uukunjue wote kutoka kwenye roli. Jenereta ndogo ya wati 650 haitaiwasha drili ya wati 800 ikiwa na mzigo.

Biti ikigeuka bluu nchani, ama ulisahau kuwasha mfumo wa kugonga, ama umekutana na nondo. Hamisha tundu sentimita tatu. Na kila sekunde kumi na tano vuta biti nje ikiwa bado inazunguka, ili vumbi litoke. Unapotoboa juu ya kichwa, shika mashine kwa upande ili vumbi lisiingie kwenye matundu ya hewa, na ukimaliza izungushe bila mzigo kwa nusu dakika kabla ya kuirudisha kwenye boksi.