Somo: Kuchambua data ya sumukuvu maabara inapoandika "<1"

Matokeo ya sumukuvu (aflatoksini, sumu ya ukungu) kwenye mahindi yakitoka maabara huja yamechanganyika: namba kamili, "<1", na pengine ">20". Wengi hufuta alama na kuweka 0 au nusu ya kikomo cha ugunduzi (kiwango kidogo kabisa ambacho kipimo kinaweza kukiona), kisha wanaendelea. Tuone kinachoharibika.

Data ya mazoezi: sampuli 10. Nne zina 1.8, 4, 12 na 55 (mikrogramu kwa kilo), sita ziko chini ya 1. Ukijaza 0 kwenye zile sita, wastani ni 7.28, ukijaza 0.5 ni 7.58, ukijaza 1 ni 7.88. Tofauti ni ndogo, na hapo ndipo watu hudanganyika. Geukia wastani wa kijiometri (wastani wa logi za namba, ukirudishwa kwa exp): kwa 1 unapata 2.33, kwa 0.5 unapata 1.54, kwa 0.1 unapata 0.59. Kwa 0 hupati chochote, maana logi ya 0 haipo. Matokeo yako yameamuliwa na ulichojaza. Tena kama maabara moja ina kikomo cha 1 na nyingine 4, tofauti utakayoikuta kati ya wilaya mbili huenda ni ya mashine, si ya mahindi.

Hatua ya 1. Iulize maabara mambo manne: kikomo cha ugunduzi, kikomo cha upimaji (kiwango kidogo kabisa kinachoweza kupewa namba ya kuaminika), kiwango cha juu ambacho kipimo kinasoma, na sampuli zipi zilizimuliwa. Sampuli iliyozimuliwa mara 5, kikomo chake nacho kinazidishwa kwa 5. Hili husahaulika karibu kila mara.

Hatua ya 2. Tengeneza safu mbili, `chini` na `juu`. Namba kamili 12: andika 12 kote kuwili. "<1": NA (alama ya "haijulikani" katika R, programu ya takwimu) na 1. ">20": 20 na NA. Iliyoonekana ila haikupimika, kati ya 1 na 3: andika 1 na 3.

Hatua ya 3. Kwenye R, `d` ikiwa jedwali lako; modeli hii inatumia mipaka hiyo yenyewe, bila kujaza namba ya kubuni:

```
library(survival)
m <- survreg(Surv(chini, juu, type="interval2") ~ 1,
             data=d, dist="lognormal")
exp(coef(m))
exp(coef(m) + m$scale^2/2)
1 - pnorm((log(10) - coef(m))/m$scale)
```

Mstari wa `exp(coef(m))` ni wastani wa kijiometri, unaofuata ni wastani wa kawaida, na wa mwisho ni sehemu ya mahindi inayozidi 10, kikomo cha Afrika Mashariki kwa jumla ya aflatoksini. Huo wa mwisho ndio wa kuutazama kwa makini. Mwaka 2004 nchini Kenya, watu 317 waliugua kwa sumukuvu na 125 wakafa. Mkasa wa namna hiyo hutokana na mahindi yenye sumu nyingi mno, na wastani unaweza kuyaficha.

Hatua ya 4. Kulinganisha njia za uhifadhi, badili `~ 1` iwe `~ hifadhi`. `exp` ya kigawo (namba ambayo modeli inatoa kwa kila njia) ni uwiano wa wastani wa kijiometri: 0.4 maana yake kundi hilo lina asilimia 40 ya kiwango cha kundi la msingi.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. R inaniambia "Invalid survival times for this distribution".*
Marahaba. Umeweka 0 kwenye `chini`. Weka NA.

*Sampuli 40, ila 6 tu ndizo zimezidi kikomo cha ugunduzi. Nitumie njia hii?*
Hapana. Zaidi ya asilimia 80 zikiwa hazikuonekana, umbo la mtawanyiko linakisiwa tu. Ripoti asilimia 15, na `binom.test(6, 40)` itakupa mipaka ya takriban asilimia 6 hadi 30.

*Nimepima sampuli 20 mara tatu tatu. Idadi ni 60?*
Ni 20. Vipimo vitatu vya unga uleule vinaeleza usahihi wa mashine, havielezi kijiji. Na kama kaya zimetoka vijiji vichache, ongeza `+ cluster(kijiji)` ili makosa sanifu (kipimo cha kutokuwa na uhakika) yasiwe madogo kuliko inavyostahili; vijiji vikiwa vitano au sita, hata hiyo haitoshi.

*Gunia lilelile limetoa 3, nikarudia likatoa 48. Maabara imekosea?*
Si lazima. Sumu hukaa kwenye punje chache, na bambo moja (chombo cha kuchomea gunia ili kutoa punje) huzikosa au huzikuta. Toa punje kwa bambo kwenye magunia yote, juu, katikati na chini, changanya kilo kadhaa, saga zote, ndipo uchote gramu za kupima. Ukichota punje kwanza na kusaga baadaye, hakuna modeli itakayokuokoa. Hizo 3 na 48 usizifute; zote mbili ziingie, zikiwa na namba moja ya gunia.