Mtu Kaanguka Baharini: Kuzuia na Kuokoka Kwenye Meli ya Kitalii

Sheria ya Marekani ya 2010 inataka vyuma vya ukingo wa meli ya kitalii visipungue sentimita 107. Hapo humfika mtu mzima wa kimo cha kawaida juu kidogo ya kitovu. Maadamu nyayo zote mbili ziko sitahani, ni vigumu kupinduka hata meli ikiyumba. Wanaoanguka wengi ni walioinua miguu: kakalia ukingo apigwe picha, kapanda kiti, kataka kuvukia roshani ya jirani, na pombe imo kichwani. Ukipanda meli Kilindini na watoto, kwanza sogeza viti vya roshani mbali na ukingo. Kusi likichafua bahari na kichefuchefu kikikubana, tapikia kwenye mfuko wa kutapikia. Usining'inie nje.

Ukiona mtu anaanguka, piga kelele "Mtu baharini!" na utaje ubavu, kulia au kushoto ukielekea omo, yaani mbele ya meli. Tupa boya papo hapo, lakini kando yake: lina kilo mbili na nusu au zaidi, na likimpata kichwani litamzimisha. Kisha mnyooshee kidole na usibandue macho. Meli ya maili 20 za baharini kwa saa huacha mita 600 kila dakika, na kichwa majini hakizidi dafu. Ukigeuka kutafuta simu, umempoteza. Mwingine ndiye akimbie kuita mabaharia.

Nahodha naye huangusha boya la moshi na taa. Moshi hudumu dakika 15 au zaidi, taa saa mbili. Mojawapo ya mbinu zake ni kulaza usukani upande alikoangukia mtu, ili tezi (nyuma ya meli) na rafadha (mapanga yanayoisukuma meli) zimkwepe, mpaka meli igeuke digrii 60. Halafu huupindua upande wa pili hadi meli irudie njia yake ileile. Hilo halimaliziki kwa dakika moja. Akiwa maji ya Kenya, huita kwa redio chaneli 16, na kituo cha uratibu wa uokoaji kiko hapa Mombasa.

Ukianguka wewe, kutoka mita 20 utagonga maji kwa kasi ya kilomita 70 kwa saa. Ukiwahi, tangulia miguu ikiwa imebanwa pamoja, mdomo umefumbwa, pua umeishika. Ukiibuka, jitenge na ubavu wa meli, basi. Kuifukuza ni kumaliza pumzi bure. Lala chali, masikio majini, na nguo ziache mwilini, ila leso au buibui likikuzonga miguu livue. Maji yetu, nyuzi 25 hadi 29, hukupa saa kadhaa. Adui ni uchovu, jua na kiu, na maji ya chumvi usiyanywe kamwe. Kwenye maji ya chini ya nyuzi 15, kama Ulaya wakati wa baridi, utatweta bila kutaka. Elea tu mpaka pumzi itulie.

Aliyekaa majini muda mrefu apandishwe akiwa amelazwa. Akiinuliwa wima, shinikizo la damu laweza kushuka ghafla akazimia, au moyo ukasimama. Na aliyevuta maji mapafuni apelekwe kwa daktari wa meli hata akisema yuko sawa, kwani kupumua kwaweza kumzidia saa kadhaa baadaye.