Jinsi ya Kuilinda Mifupa ya Mgonjwa wa Mieloma

Anza kwa kuelewa chanzo cha uharibifu. Mieloma huanzia katika seli za plazma, yaani seli za kinga zinazotengeneza kingamwili, ambazo zikigeuka saratani hujazana ndani ya uboho, yaani tishu laini iliyo ndani ya mfupa, na kuvuruga ukarabati wa kawaida wa mfupa. Osteoklasti, seli zinazomega mfupa, huchochewa kupita kiasi na protini iitwayo RANKL, ambayo hutolewa pia na seli T za kinga. Wakati huohuo osteoblasti, zinazojenga mfupa mpya, hudhoofishwa. Ndiyo maana mashimo mengi yanayotobolewa mfupani hayazibiki hata saratani ikishatulizwa.

Kwa hiyo, maumivu ya mgongo au mbavu yasiyoisha yasipuuzwe. Mwombe daktari picha ya CT ya mwili mzima, kwa kuwa eksirei ya kawaida huweza kukosa mashimo madogo, pamoja na vipimo vya kalsiamu na figo.

Kabla ya kuanza asidi ya zoledroniki au denosumabu, dawa zinazozuia osteoklasti, mwone daktari wa meno, na jino la kung'olewa ling'olewe mapema, maana dawa hizi huweza, japo si mara nyingi, kusababisha mfupa wa taya kufa. Epuka dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki. Zinaumiza figo ambazo tayari zimo hatarini kwa sababu ya mieloma.

Miguu ikilegea ghafla au kufa ganzi, au mkojo ukikataa kutoka, nenda hospitali saa hiyohiyo: huenda neva za uti wa mgongo zimebanwa, na kuchelewa kunaweza kumnyima mgonjwa uwezo wa kutembea.