Pikipiki ya saa ya kumi na tano: jinsi ya kuchagua chombo cha safari ndefu

Vijana wanaokuja gereji kwetu hapa Lubumbashi, upande wa Katuba, huja na picha kwenye simu na swali moja: "Papa, hii inakimbia ngapi?" Mimi huwajibu kwa swali: ukiwa juu yake saa ya kumi na tano tangu uwashe injini, ni wapi patakuwa panakuuma? Pikipiki yoyote ni tamu kwa nusu saa. Ya safari ndefu huchaguliwa kwa ajili ya ile saa ambayo mwili umechoka, jua limezama, na bado kuna kilomita mia nne mbele.

Nimeendesha safari za namna hii miaka mingi, na nimewatengenezea wengine vyombo vyao. Huu ndio utaratibu ninaoufuata kabla sijatoa hata faranga moja.

Hatua ya 1: Andika safari kwanza, pikipiki baadaye

Chukua karatasi. Andika barabara utakazopita kweli, si zile unazoziota. Lubumbashi hadi Kolwezi ni kama kilomita 300 kupitia Likasi na Fungurume. Ni gudroni, yaani lami, lakini imejaa malori ya madini. Lubumbashi hadi Kasumbalesa ni kama 90, kisha unaingia Zambia. Ukishuka Chingola, Ndola na Lusaka hadi Livingstone, umepita kilomita 1,000. Ukikata kutoka Likasi kwenda Mitwaba, hiyo ni barabara ya udongo, na pikipiki nzuri ya Livingstone inaweza kukutesa huko. Kwa hiyo pembeni ya kila safari andika pia ni sehemu gani ya lami na ni sehemu gani ya vumbi.

Sasa piga hesabu ya muda. Wanaopenda safari za ustahimilivu hutumia kipimo cha Iron Butt Association ya Marekani: safari ya kwanza kabisa, SaddleSore 1000, ni maili 1,000, yaani kilomita 1,609, ndani ya saa 24. Gawanya: ni wastani wa kilomita 67 kwa saa tu, ukihesabu na kusimama. Ukiwa njiani kwa wastani wa 85, unahitaji saa 19 za kuendesha, na zinabaki tano za mafuta, chakula, choo na mpaka. Ukisimama mara kumi kwa dakika 30, hizo tano zimekwisha. Ukisimama mara kumi kwa dakika 15, umebaki na saa mbili na nusu za kulala.

Ndiyo maana sijali sana inakimbia ngapi. Kwa kilomita 300, kutoka mwendo wa 100 kwenda 120 unaokoa nusu saa na unachoma mafuta mengi zaidi. Nusu hiyo hiyo unaipata kwa kufuta visimamo viwili. Unachotafuta ni pikipiki isiyokulazimisha kusimama.

Hatua ya 2: Mwili wako ndio kipimo

Hapa ndipo nitakaa muda mrefu, kwa sababu hapa ndipo watu wengi hupoteza pesa.

Pikipiki yangu ya kwanza ya safari niliipenda kwa sababu ya kiti. Kilikuwa laini kama godoro. Tulipofika Fungurume nilikuwa nimesimama juu ya vikanyagio kama mtu anayeendesha kwenye mchanga, na barabara ilikuwa gudroni safi. Sponji laini hubonyea, mifupa miwili ya makalio ikagusa bati la chini, na uzito wote ukahamia mahali padogo. Kiti kizuri cha safari ni kigumu kiasi na kipana nyuma, na hakiteremki mbele. Kiti kinachoteremka hukusukuma kwenye tangi kila ukishika breki, nawe unajirudisha nyuma mara mia kwa siku.

Fanya kipimo hiki nyumbani. Weka kipande cha kadibodi nene juu ya benchi gumu, kalia dakika mbili ukiwa umeinama kidogo mbele, kisha inuka. Utaona mabonde mawili. Pima kutoka katikati ya bonde moja hadi katikati ya lingine. Kiti cha pikipiki lazima kiwe na sehemu bapa pana kuliko hapo, na mshono usipite juu ya mabonde hayo. Kama pikipiki ni nzuri lakini kiti ni kibaya, usiiache: fundi wa makochi anayejua kazi atafungua ngozi, akate sponji ya mbele iliyoteremka, aongeze sponji ngumu, afunike upya. Mwambie asiweke mshono katikati. Lakini gharama hiyo uihesabu kwenye bei tangu mwanzo.

Baada ya kiti, mikono. Pandisha pikipiki kwenye stendi ya katikati, kaa kama unavyoendesha, kisha inua mikono yote miwili sentimita tano juu ya usukani. Mgongo ukibaki pale pale, vizuri. Ukianguka mbele, maana yake viganja vyako ndivyo vinavyobeba kifua, na kufika saa ya sita vidole vitakufa ganzi. Usukani unaweza kuinuliwa kwa vipande vya chuma, lakini angalia kwanza kama nyaya na bomba la breki vina urefu wa kutosha.

Halafu magoti. Ukikaa na goti limekunjwa sana, damu haitembei vizuri. Muombe muuzaji akuache juu ya pikipiki nusu saa nzima, simu ikiwa mfukoni. Wengine watakushangaa. Kaa tu. Kitakachoanza kuwasha baada ya dakika 20 ndicho kitakachokufanya ulie huko Kabwe, njiani kwenda Lusaka.

Na miguu ifike chini. Kwenye foleni ya peaji, pale unapolipia barabara, au ya mpaka wa Kasumbalesa, ukiwa na mizigo na malori pande zote, unataka angalau nusu ya wayo ikanyage vizuri.

Hatua ya 3: Upepo na kelele

Kioo cha upepo kirefu si lazima kiwe kizuri. Kikirusha upepo wenye vurugu kwenye kaske (helmeti) yako, kichwa kitatikiswa siku nzima na shingo itakaza. Panda kwenye barabara iliyo wazi kwa mwendo wa 80, pandisha mkono wa kushoto taratibu kutoka nyuma ya kioo kwenda juu, na utahisi mahali upepo unapoanza kuwa safi. Sehemu hiyo iwe chini kabisa ya kaske au juu yake kabisa, isipige katikati. Macho yako yapite juu ya kioo. Vumbi la malori na matone ya mvua usiku hugeuza plastiki kuwa ukuta mweupe.

Nunua pia vizibo vya masikio vya sponji. Kelele ya upepo ndani ya kaske inachosha kuliko barabara yenyewe.

Hatua ya 4: Tangi, na hesabu yake

Chukua lita za tangi, gawanya kwa ulaji wa lita kwa kilomita 100, zidisha kwa 100, kisha chukua asilimia 80 ya jibu. Hiyo ndiyo safari yako ya kweli bila woga. Suzuki V-Strom 650 ina tangi la lita 20. Ukiiendesha kwa adabu ikala 4.5, ni kilomita 444, nawe panga kwa 350. Honda NC750X ina lita 14.1 tu, lakini ikila 3.8 bado inakupa karibu 300 za uhakika. BMW R 1250 GS Adventure hubeba lita 30, na kwa 5.5 unapanga zaidi ya 430.

Zaidi ya hapo sioni faida kubwa kwetu. Kibofu na macho havikai zaidi ya saa tatu bila kupumzika, na saa tatu ni kama kilomita 250 hadi 300. Tangi likilingana na mwili, kisimamo kimoja kinamaliza mambo yote: mafuta, maji, choo. Wale wa mashindano ya Iron Butt Rally, ya siku 11, hufunga matangi ya ziada, na hata huko kanuni zina kikomo cha galoni 11.5, kama lita 43. Wewe huhitaji hayo kwenda Lusaka.

Usisahau aina ya petroli. Injini yenye mgandamizo mkubwa inayodai petroli ya oktani ya juu itagonga ukiinywesha ya chupa barabarani. Soma kifuniko cha tangi au kitabu chake kabla ya kununua.

Hatua ya 5: Cheni au kardani

Watu hubishana sana hapa. Kardani, yaani mhimili wa chuma unaozungusha gurudumu la nyuma badala ya cheni, haihitaji kupakwa oili kila kituo, haitupi uchafu kwenye mizigo, na kwa mtu wa lami tupu ni raha kubwa. Yamaha FJR1300 na XT1200Z Super Ténéré zina kardani, Honda Gold Wing pia. Cheni unaipaka kila kilomita 500 hadi 800, na kwenye vumbi mara nyingi zaidi.

Mimi kwa mtu wa Lubumbashi atakayetoka nje ya gudroni peke yake nachagua cheni. Kardani ikivunjika karibu na Mitwaba, unatafuta lori la kubeba pikipiki. Cheni ikikatika, kiungo cha akiba na kifaa cha kuibana vinakaa kwenye kopo la maziwa, na fundi wa Likasi anajua kuifunga hata usiku. Ninalibeba kopo hilo kila safari.

Upande wa matairi ni rahisi zaidi: tairi lisilo na tyubu likitobolewa na msumari, unaziba kwa kizibo kutoka nje dakika kumi na unaendelea. Africa Twin ya 1000 ina rimu ya mbele ya inchi 21 yenye tyubu. Ni nzuri sana kwenye mashimo, lakini kubadili tyubu kando ya njia ni kazi ya saa moja. Kabla ya kununua chochote, zunguka maduka ya mjini uulize saizi ya tairi lake. Kama hakuna anayelijua, utaliagiza kutoka nje kila mara.

Hatua ya 6: Taa, usiku, ukutani

Huku kwetu tunaendesha kulia. Zambia, Tanzania, Afrika Kusini na Japani huendesha kushoto, na mitumba mingi inatoka huko. Taa ya pikipiki ya kushoto mara nyingi hupandisha mwanga upande wa kushoto. Ukiwa Kongo, kushoto ndiko wanakotoka wenzako, nawe unawapiga machoni huku ukingo wako wa kulia, wenye watu na baiskeli za makaa, ukibaki gizani.

Kipimo ni hiki. Usiku, simamisha pikipiki mita tano kutoka ukuta, mtu aketi juu yake, washa taa ya chini. Tazama mstari wa mwanga. Ukiona unapanda upande wa kushoto, taa ni ya nchi za kushoto. Upande wa kulia, ni yetu. Ukiwa bapa, inafaa pande zote. Ikiwa si yetu, uliza bei ya taa nzima kabla ya kukubaliana.

Na umeme: jaketi la kupasha joto linakula wati 70 hadi 90, na asubuhi za Juni na Julai ukitoka hapa saa kumi na moja alfajiri utalitamani. Ongeza taa za ziada na chaji ya simu. Pikipiki ndogo haitoi umeme wa kutosha, na betri itakufa taratibu bila kukuambia.

Hatua ya 7: Mizigo, kisha mtumba wenyewe

Kwenye bamba la fremu au kitabuni kuna uzito wa juu unaoruhusiwa. Toa uzito wa pikipiki ikiwa na mafuta. Kinachobaki ni wewe, abiria, masanduku, maji na vifaa. Usivuke.

Ukienda kukagua, fika bila kutangaza saa, injini iwe baridi. Gusa ekzosti, ikiwa ya moto, imeshawashwa kuficha ugumu wa kuwaka. Linganisha namba ya fremu na karatasi, herufi kwa herufi. Inua gurudumu la mbele, geuza usukani polepole: ukinasa katikati, beringi zimechimbika. Futa shokapu za mbele kwa kidole. Oili ikibaki kidoleni, mipira imekwisha. Vuta cheni kwa nyuma kwenye sproketi: ikitengana na meno, bei ishuke.

Hatua ya 8: Jaribio la Kolwezi

Ukishanunua, usiondoke kwenda Livingstone wiki hiyo. Nenda Kolwezi na urudi siku moja, kilomita 600 hivi, mchana mtupu. Usiku tuwaachie malori yasiyo na taa. Beba daftari dogo. Kila ukisimama, andika mambo matatu: saa, lita ulizotia, na mahali panapouma. Kula bukari (ugali) kidogo, si sahani iliyojaa, kwa sababu usingizi wa mchana baada ya bukari na sombe (kisamvu) ni hatari juu ya magurudumu mawili.

Jioni soma daftari. Kama mahali panapouma ni pale pale katika visimamo vitatu, rudisha pikipiki gereji, rekebisha kitu kimoja tu, kisha rudia safari ile ile Jumamosi ijayo. Mimi pikipiki yangu ya sasa niliipeleka Kolwezi mara nne kabla kalamu haijakosa la kuandika kwenye safu ya tatu, na mara ya tano nikapita Kasumbalesa.