Kabla ya Kuwapeleka Watoto Wadogo kwa Ndugu Ng'ambo

Safari ya kwenda kwa ndugu ina hatari moja ambayo safari ya kitalii haina: mzazi huona kwamba anakwenda nyumbani. Mtalii huuliza maswali, husoma, huenda kuchanjwa. Anayekwenda kwa bibi na babu wa watoto hufungasha nguo na zawadi, basi. Madaktari wanaohudumia wasafiri wameliona jambo hili kwa miaka mingi. Watu wanaokwenda kutembelea jamaa zao huonana na daktari kabla ya safari kwa nadra kuliko watalii, na ndio hao hao wanaorudi na malaria na homa ya matumbo mara nyingi zaidi. Wewe unaweza kuwa mwenyeji kule. Mwanao ni mgeni, kwa hiyo panga kila kitu ukimtazama yeye.

Anza na karatasi, maana ndizo zinazokwamisha watu uwanjani. Kila mtoto, hata kichanga, anahitaji pasipoti yake. Siku za kuandika jina la mtoto ndani ya pasipoti ya mama zimepita karibu kila mahali. Nchi nyingi humpa mtoto pasipoti ya miaka 5, si 10 kama ya mtu mzima, kwa hiyo huisha wakati mzazi bado anadhani iko hai. Nchi nyingi pia hazimpokei msafiri ambaye pasipoti yake imebakiza chini ya miezi 6. Mtoto akiwa na uraia wa nchi mbili, ulizia balozi zote mbili anatakiwa kuingia na kutoka kwa pasipoti ipi. Marekani, kwa mfano, huwataka raia wake, watoto wakiwemo, watumie pasipoti ya Marekani wanapoingia nchini humo hata kama wanayo nyingine.

Mzazi anayesafiri na watoto bila mwenzake abebe barua ya ridhaa ya huyo mwenzake, iliyothibitishwa na wakili, pamoja na cheti cha kuzaliwa chenye majina ya wazazi wote wawili. Kama mzazi mmoja amefariki, beba cheti cha kifo. Kama mahakama ilikukabidhi malezi, beba nakala ya hukumu. Watoto wakisafiri na shangazi au bibi, ridhaa itoke kwa wazazi wote wawili. Ofisa wa uhamiaji akikuhoji, hasa kama jina lako la ukoo halifanani na la mtoto, mjibu kwa utulivu. Wapo watoto wanaovushwa mpaka na mzazi mmoja bila mwingine kujua, na ni kwa ajili yao Mkataba wa The Hague wa mwaka 1980 ulitungwa. Maswali yale yanamlinda mwanao pia.

Kwa daktari nenda angalau wiki 6 kabla, kwa kuwa chanjo zina mpangilio wake na baadhi hutolewa kwa awamu. Chanjo ya homa ya manjano kwa kawaida hutolewa kuanzia umri wa miezi 9, na cheti chake huanza kutambulika siku 10 baada ya sindano. Tangu Julai 2016 cheti hicho ni cha maisha. Mtoto wa miezi 6 hadi 11 anayekwenda penye surua anaweza kupewa dozi ya mapema, lakini dozi hiyo haihesabiwi, kwa hiyo zile mbili za kawaida atazipata tu umri ukifika. Uliza pia kuhusu kichaa cha mbwa kama unakokwenda upo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika kila watu 10 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa nao, 4 ni watoto wa chini ya miaka 15. Mtoto mdogo humkumbatia mbwa asiyemjua, kisha huficha jeraha akiogopa kukaripiwa. Mweleze kabla hamjaondoka kwamba akiumwa au akikwaruzwa na mnyama aseme papo hapo, na hatagombezwa. Jeraha lenyewe lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha mtoto apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Malaria nitaikazia zaidi. Mtu mzima aliyekulia penye malaria hujiona ameizoea, na kwa hiyo huwaona watoto wake nao kuwa salama. Kinga ile ya ukubwani hujengwa kwa kuumwa mara nyingi, hairithiwi, na hufifia mtu akikaa miaka mahali pasipo na malaria. Mtoto aliyezaliwa ugenini hana kinga hiyo hata kidogo, na kwa mtoto wa chini ya miaka 5 ugonjwa unaweza kuwa mkali ndani ya muda mfupi sana. Dawa za kumkinga hupimwa kwa uzito wake, kwa hiyo usimkatie kipande cha kidonge chako. Nyingine huanzwa siku moja au mbili kabla ya safari, nyingine wiki mbili kabla, na zote huendelea baada ya kurudi. Chandarua chenye dawa beba chako, kinachotosha kitanda atakacholala. Dawa ya kupaka ya kufukuza mbu yenye DEET haipakwi mtoto wa chini ya miezi 2.

Simu moja ndefu kwa wenyeji kabla ya safari ina faida kuliko begi zima la vifaa. Waulize mtoto atalala wapi, kama ngazi zina kizuizi, kama kuna kisima, bwawa au pipa la maji lisilo na kifuniko. Waulize dawa za wazee hukaa wapi. Nyumba ambayo haijakaliwa na mtoto mdogo kwa miaka mingi huwa na vidonge vya presha na kisukari mezani au ndani ya mkoba ulio sakafuni, na vidonge hivyo vichache vinaweza kumuua mtoto wa miaka 2. Omba kwa adabu viwekwe juu, na ukifika hakikisha mwenyewe. Sema mapema pia kuhusu mzio wa mtoto na vitu asivyopewa: chini ya miezi 6 maji hayahitaji, na chini ya mwaka mmoja asilambishwe asali. Ni rahisi zaidi kuyasema haya kwenye simu kuliko kumnyang'anya bibi kijiko mbele ya wageni.

Gari litakalowapokea uwanjani litakuwa na kiti cha mtoto? Kwa kawaida hakuna anayeuliza, na furaha ya kuonana huwafanya watu wambebe mtoto mapajani. Ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 duniani. Beba kiti chako. Mashirika mengi ya ndege hukisafirisha bila malipo, ila thibitisha na la kwenu.

Kuhusu ndege yenyewe, mnyonyeshe au mpe chupa wakati wa kushuka ili masikio yasimuume, na omba kitanda cha kichanga mapema kwa sababu huwa vichache. Dawa zote zikae kwenye begi la mkononi, katika vifungashio vyake, pamoja na cheti cha daktari. Angalia kama zinaruhusiwa unakokwenda: Japani imepiga marufuku dawa za mafua zenye zaidi ya asilimia 10 ya sudoefedrini (kemikali ya kuzibua pua), ambazo kwingine huuzwa madukani. Ongeza kipimajoto, dawa ya homa ya watoto na paketi za ORS, yaani unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji mtoto akiharisha. Bima nayo isome kabla ya kulipa, kwa kuwa ya nyumbani mara nyingi haivuki mpaka. Tafuta inayogharamia kulazwa na kusafirishwa mgonjwa, na inayotaja kila mtoto kwa jina.

Dawa ya malaria imalize hata kama mtoto anacheza vizuri. Akipata homa ndani ya mwaka mmoja baada ya kurudi, hasa miezi mitatu ya kwanza, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Taja safari kabla ya jambo lolote lingine, uitaje nchi mliyokwenda, na uombe apimwe malaria.