Kabla ya kulipia kitabu cha viumbe wa kilindini

Ukikutana na vitabu vya picha vya viumbe wa kilindini kwa wauza vitabu vya mitumba pale Posta, jalada lisikubabaishe. Fungua ukurasa wa samaki mwenye taa kichwani, utafute kipimo. Wachoraji humkuza hadi mtoto adhani ni papa, kumbe majike wa aina nyingi hawafikii rula ya shule ya sentimita 30, na madume ni vidagaa tu, hata hiyo taa hawana. Kitabu kisichotaja sentimita mimi nakirudisha.

Halafu mtafute yule samaki wa pinki mwenye uso ulioporomoka, kwa Kiingereza blobfish. Kitabu makini kitaeleza kwamba kule chini, mita 600 na zaidi, ana umbo la samaki wa kawaida. Hulegea vile akivutwa juu, kanieneo la maji linapopungua.

Kikiwa na silikanti, yule samaki wa kale wa kilindini, usivutane sana bei. Huyo ni wa kwetu: wavuvi wa Tanga wamemnasa mara nyingi, na mwaka 2009 akatengewa hifadhi ya bahari huko.

Maandishi ni ya Kiingereza? Msimulie mwanao kwa Kiswahili, mpime kila kiumbe kwa chaki sakafuni. Ngisi jitu hufikia mita 12, kwa hiyo huyo tokeni naye uani.