Namna ya kumuuguza mtu aliyefikia mwisho: niliyojifunza Kalighat

Ukijitolea Nirmal Hriday, nyumba ya wanaokaribia kufa ambayo Mama Teresa aliifungua mwaka 1952 pale Kalighat, Kolkata, India, ubavuni mwa hekalu la Kali, mungu wa kike wa Wahindu, huenda kazi yako ya kwanza ikawa beseni. Mimi ni nesi, na nilianzia hapo: kufua mashuka kwa mikono, kuyakamua tukiwa wawili wawili, kupanda nayo juu kuanika. Ni haki kabisa. Mtu asiyeweza kujigeuza, shuka kavu ndiyo dawa yake ya kwanza.

Vitanda ni vya chini, kwa hiyo keti au chuchumaa. Kazi inayotaka subira hasa ni kulisha. Muinue mgonjwa kichwa na mabega, mpe nusu kijiko cha wali uliopondwa, tazama koo mpaka ameze, ndipo uongeze. Akikohoa, acha. Akikaza midomo, amekataa, na usimshindilie, atapaliwa. Mwili unaozimika hautaki tena chakula. Lowesha kitambaa safi umpanguse midomo na ulimi kila mara. Mgeuze kila baada ya saa mbili, ukikagua visigino, nyonga na kifandugu. Ngozi ikibadilika rangi au ikiwa ya moto, kidonda kimeanza.

Sasa maumivu. Mwaka 1994 Robin Fox, mhariri wa jarida la tiba The Lancet, aliitembelea nyumba hiyo akaandika kwamba wagonjwa hawakuwa na dawa kali za maumivu. Nampenda Mama Teresa kwa moyo wote, na hapo nakubaliana na Fox. Saratani iliyoingia mifupani haitulizwi kwa kushikwa mkono tu. Ukimuuguza mzazi wako nyumbani, iwe Tabora, ambako masista wa Mama Teresa walifika mwaka 1968, au kwingine, muulize daktari habari za morfini, dawa kali ya maumivu, na mpe mgonjwa kwa saa zilizoandikwa. Usingoje mpaka alie.

Dini yake iulize mapema, angali anaweza kujibu. Kalighat, Mhindu hutiwa maji ya mto Ganges midomoni, Mwislamu husomewa Kurani, Mkatoliki hupakwa mafuta matakatifu. Usimlazimishe sala yako.

Pumzi zikianza kukatika na kurudi, endelea kuzungumza naye kwa sauti ya kawaida, maana huenda bado anasikia. Ndugu zake wakifika, wape kiti chako na uwaonyeshe namna ya kumlowesha midomo, kwani wengi huogopa kumgusa.